Mkunga wa diski hasomi namba peke yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mkunga ameinamisha sikio juu ya diski kama mtu anayedukua maneno ya jirani. Amebana pumzi. Amesema "shii" mara moja tu, na hata cherehani iliyokuwa ikinguruma upande wa pili wa pazia imenyamaza.

"Inagonga," anasema hatimaye. "Mara tatu, halafu inapumzika. Ya mara tatu bado ina nia ya kuishi. Ingekuwa inagonga mfululizo, tungezungumza mengine."

Mwenye diski anainama mbele. Ni mwalimu wa shule ya watoto viziwi, ana miaka hamsini na minane, na amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa juu chini kwa sababu kiti cha wateja kimeshakaliwa na kompyuta.

"Kwa hiyo itaishi?"

"Nimesema ina nia, Mwalimu. Wewe hujawahi kuwa na nia ya kuamka mapema ukafanye mazoezi?"

Kicheko kinatoka nyuma ya pazia. Mwalimu hacheki.

Ana sababu. Ndani ya kidude hicho kisichozidi kiganja cha mkono kuna video 1,406. Kila video inamwonyesha mtu mmoja aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, akitoa kwa mikono ishara ya neno moja. Mwalimu amezikusanya kwa miaka tisa, wikiendi na likizo, akiwafuata viziwi wazee majumbani kwao. Wengi wao hawakukanyaga darasa. Ishara zao walizipokea kwa wakubwa wao viziwi, na hazijaandikwa popote. Ni kamusi nzima, na makao yake yalikuwa diski hiyo moja. Ijumaa iliyopita aliishusha kutoka juu ya kabati, ikamponyoka, ikatua kwenye sakafu ya saruji.

Na nakala je?

"Nakala ilikuwepo," anasema Mwalimu akiangalia viatu vyake. "Kwenye diski hiyo hiyo. Folda nyingine. Niliiandika NAKALA, kwa herufi kubwa."

Mkunga anatikisa kichwa taratibu. "Usijilaumu sana. Mwezi uliopita alikuja mhandisi mzima na suti yake, na yeye alikuwa ameuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile aliyoifunga."

Chumba anachofanyia kazi kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne. Urefu ni hatua tatu, upana hatua mbili, na dari imeteremka kufuata ngazi, kiasi kwamba mteja mrefu huingia amesimama wima na kufika mezani amerukuu. Kila anayepanda ghorofani anapita juu ya kichwa cha Mkunga, naye kwa miaka kumi na mitano ameshawatambua kwa visigino.

"Huyo wakili," ananong'ona hatua nzito zikipita. "Kesi imeahirishwa."

Jina la Mkunga alipewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ni kuyatoa mafaili hai kutoka kwenye diski inayokata roho. Jina lake la kuzaliwa, anasema, limebaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa mama yake tu.

Ana kompyuta nne, na zote zilikuwa takataka za watu. Moja ilitupwa na duka la vitabu, nyingine ilikuwa inazuia mlango wa ghala usijifunge. Zote zinatumia Linux, mfumo ambao haununuliwi: mtu anauchukua kwenye mtandao, anauweka, anautumia, na akitaka anaufungua ndani aone ulivyoshonwa. Kwenye kifuniko cha ile kubwa kuna kibandiko cha pengwini, nembo ya mfumo huo. Fundi wa nyuma ya pazia humwita "yule bata wako aliyevaa koti".

Fundi huyo ni wifi yake, dada wa mume wake, mshonaji mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano zake. Wamegawana chumba ili wagawane kodi.

"Mjini watu wanahangaika kutafuta wifi ya bure," Mkunga hutania wateja. "Mimi ninayo, na haizimiki."

"Na sina nywila," wifi anadakia. "Nasema lolote, kwa yeyote, saa yoyote."

Mkunga hakuzaliwa kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja, vidole kumi, macho hayatazami kibodi. Siku ofisi ilipoleta mashine mpya, makarani sita waliitwa chumba cha mikutano, wakapewa soda na barua. Wakati anatoka aliona kompyuta moja mbovu imewekwa kando ya pipa la taka.

"Nikamuuliza mlinzi, hii nayo imeachishwa kazi? Akasema ndiyo. Nikamwambia basi tunaondoka pamoja. Niliisukuma kwa toroli mpaka nyumbani. Mume wangu akaniuliza, mke wangu, umeenda kuchukua kiinua mgongo umerudi na hiki? Nikamwambia hiki ndicho kiinua mgongo."

Kompyuta ile ilikuwa imezeeka mno, haikuweza kubeba mfumo wowote wa madukani. Fundi simu mmoja aliyekuwa anahama mtaa alimwachia CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: LINUX. Aliiweka. Skrini ikawa nyeusi, kijimstari kikawa kinapepesa, kikimsubiri aandike.

Wengine wangekata tamaa hapo. Mkunga aliona yuko nyumbani.

"Wenzangu walikuwa wanatafuta pa kubofya. Mimi sijui kubofya, mimi najua kuandika. Kitu kinaniambia: andika unachotaka. Jamani, miaka kumi na minne nimeandika wanachotaka wengine!"

Kilichomsumbua ni bei. Hakuna mahali palipoandikwa bei. Alipakua programu ya kuandikia barua, LibreOffice, akaandikia barua za majirani na kuwatoza kidogo. Akapakua TestDisk, inayotafuta sehemu za diski zilizopotea, na ndugu yake PhotoRec, anayechokora picha na video hata pale orodha ya mafaili ilipofutika. Zote bure. Alikaa akisubiri mtego.

"Nilijua iko siku mtu atagonga mlango na bili. Nimemsubiri mwaka wa kumi na tano huu. Baadaye ndipo nikaelewa: kuna watu huko duniani wameketi, wameandika, halafu wameacha mlango wazi. Siwajui hata kwa sura. Mmoja nilimwandikia kumwambia maelezo yake kuna mahali yanachanganya, akanijibu siku ya pili: asante, nimerekebisha. Mimi! Wa chini ya ngazi!"

Chombo anachokipenda kuliko vyote kinaitwa ddrescue, na kwa kuwa jina hilo lingemng'ata wifi ulimi, hapa kinaitwa Didi. Kazi ya Didi ni kunakili diski mgonjwa kwenye diski nzima, kwa adabu. Ikifika mahali pagumu hailazimishi. Inaruka, inachukua yaliyo rahisi kwanza, kisha inarudi kwenye magumu. Kila hatua inaiandika kwenye daftari lake, hivi kwamba hata ikikatizwa, inajua ilipoishia.

Madukani kuna programu za kulipia zinazofanya kazi ya namna hiyo. Moja aliyowahi kuulizia bei ingemla kodi ya miezi minne. Yeye diski ikiokoka hutoza kiasi kisichofika kodi ya wiki mbili, ikifa hatozi kitu. Katika kila diski kumi, anasema, sita hutoka na kitu cha maana.

Jumanne hiyo, kabla ya kuanza na diski ya Mwalimu, Mkunga anafanya jambo linalowashangaza wateja wote. Anafunga uzi mwekundu kwenye diski mgonjwa na uzi mweupe kwenye diski tupu itakayopokea. Kila moja ina namba yake ya kiwandani, naye anaandika tarakimu nne za mwisho kwenye karatasi na kuibandika juu. Anaziunganisha zote mbili kwenye kompyuta, anaandika agizo lake kwa Didi kwa majina mafupi ambayo kompyuta imezipa diski, kando anafungua orodha inayoonyesha kila jina ni la namba ipi, kisha anaondoa mikono kwenye kibodi kabisa.

"Wifi! Namba!"

Pazia linafunguka. Wifi anaingia, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, mkasi unaning'inia shingoni. Mkunga anageuka na kuutazama ukuta.

"Uzi mwekundu," wifi anasoma, "mbili, saba, sifuri, nne. Sasa kwa bata. Panaposema kutoka... jina hili... namba yake mbili, saba, sifuri, nne. Sawa. Uzi mweupe, tisa, tisa, moja, tano. Panaposema kwenda, tisa, tisa, moja, tano. Sawa. Naweza kurudi kwenye gauni la watu?"

"Rudi."

Ndipo Mkunga anageuka na kubonyeza.

Mwalimu anashindwa kujizuia. "Samahani, fundi. Hii ni ibada?"

"Ni adhabu," anajibu Mkunga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake haina mzaha.

Miaka saba iliyopita bwana shamba mmoja alimletea diski yenye vipimo vya mvua alivyoviandika kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Haikuwa mgonjwa sana. Mkunga aliziunganisha diski mbili, akaandika agizo, akabonyeza. Alikuwa ameigeuza njia. Badala ya kunakili kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye diski tupu, alinakili utupu akaumwaga juu ya mvua za miaka kumi na mmoja. Aligundua baada ya dakika arobaini.

"Didi haina kosa. Ukiiambia chukua hapa peleka pale, inachukua na kupeleka. Haiulizi mara mbili kama una akili timamu."

Angeweza kumdanganya mteja. Diski ilikuja mbovu, nani angejua? Alimwita akamweleza ukweli wote. Bwana shamba aliketi kwenye ndoo ile ile, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema, "Basi. Itanyesha nyingine."

"Angenitukana ningelala," anasema Mkunga. "Kwa neno lile sikulala wiki."

Tangu siku hiyo hasomi namba peke yake. Na anayesoma lazima awe mtu asiyejua kompyuta. Fundi mwenzake, anaeleza, angeona anachotarajia kuona. Wifi hatarajii chochote, anasoma kilichoandikwa.

"Ananisifu au ananitukana?" wifi anauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Vyote, wifi yangu."

Jumatano saa sita mchana Didi imefika asilimia sabini na moja. Imekwama hapo tangu asubuhi. Diski ya uzi mwekundu inagonga, inapumzika muda mrefu zaidi, inagonga tena. Mkunga ameiwekea feni ndogo ili isipate joto, na anaigusa kila baada ya muda kwa mgongo wa mkono, kama anavyoguswa mtoto mwenye homa.

Mwalimu amekuja moja kwa moja kutoka darasani, chaki ingali kwenye mkono wa shati. Ana habari. Mtu wa duka kubwa la kompyuta amemwambia kazi kama hii ni ya saa mbili tu. Unailazimisha diski isome kwa nguvu, basi.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitafikiri."

"Fikiri vizuri. Diski hii imeanguka. Ndani kuna sindano inayosoma juu ya sahani inayozunguka. Ukiilazimisha pale palipokwaruzika, sindano inakwangua na zilizobaki. Saa mbili kweli zitatosha. Za kuimaliza."

"Kwako ni rahisi kusema, mama. Si yako."

Ni neno zito, na Mwalimu mwenyewe analisikia likitoka. Mkunga anaisogeza feni karibu zaidi.

Saa saba na dakika kumi umeme unakatika. Feni inanyamaza, cherehani inanyamaza, skrini nne zinakuwa nyeusi kwa pamoja. Betri ya akiba iliyo chini ya meza, ambayo ilipaswa kushika kwa dakika ishirini, inatoa mlio mmoja wa huzuni na kufa. Mwalimu anashika kichwa.

"Tulia," Mkunga anamwambia. "Didi ina daftari. Tutaendelea tulipoishia."

Umeme unarudi saa tisa kasoro. Mkunga hajala tangu asubuhi. Mwalimu amesimama nyuma ya bega lake, anampumulia shingoni. Kompyuta inaamka, diski zinaamka. Kwenye kibodi kuna kitufe cha mshale kinacholeta agizo la mwisho lilivyokuwa, neno kwa neno, ili mtu asiandike upya. Mkunga anafungua orodha ya namba, kisha anakibonyeza. Agizo linatokea, lile lile la jana.

"Wifi! Namba!"

"Ngoja, wifi! Nimembana mtu kiuno, nikimwachia sasa hivi pini zote zinamwingia."

"Si tulisoma jana?" anasema Mwalimu. "Ni lile lile. Diski hazijaguswa, nimesimama hapa hapa, nimeona kwa macho yangu. Bonyeza tu, kila dakika inazidi kukata roho hiyo."

Kidole cha Mkunga kiko juu ya kitufe cha mwisho. Baadaye atakiri kwamba alikuwa amekubaliana na Mwalimu, kwamba hata kichwani mwake alishabonyeza na alikuwa anafikiria chakula. Anakiondoa kidole, anakikunja ndani ya ngumi, anageukia ukuta.

"Tunasubiri."

Dakika sita. Wifi anaingia na pini tano mdomoni, anasoma kwa kona ya midomo.

"Mwekundu, mbili, saba, sifuri, nne. Panaposema kutoka..." Anasogeza miwani. "Siyo."

"Soma tena."

"Nimesoma, wifi. Panaposema kutoka kuna tisa, tisa, moja, tano. Huyo ni mweupe."

Wifi anatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kola yake.

Kompyuta huzipa diski majina mafupi kadiri zinavyoamka. Jana iliyoamka kwanza ilipewa jina la kwanza. Leo, baada ya umeme kurudi, diski mgonjwa imechelewa kuamka, kama wagonjwa wote, na majina yamebadilishana. Agizo ni lile lile kwa kila herufi, ila sasa lina maana ya kinyume. Didi ingefungua daftari lake, ione ni sehemu zipi hazijanakiliwa bado, iende moja kwa moja kwenye sehemu hizo na kuzijaza utupu uliochukuliwa kwenye diski nyeupe. Ile asilimia ishirini na tisa iliyobaki. Hasa hiyo.

Mwalimu anaikalia ndoo bila kuitazama.

"Ungebonyeza kwa sababu yangu," anasema.

"Ningebonyeza kwa kidole changu."

"Mimi ningekuwa nimeua..."

"Mwalimu, hakuna aliyeua mtu leo. Nenda kaniletee chakula, nina njaa mpaka naona pengwini wawili."

"Na mimi!" anasema wifi. "Aliyeokoa kamusi hapa nani?"

Alasiri hiyo, baada ya agizo kurekebishwa na namba kusomwa mara mbili, Mkunga anabadilisha mbinu. Anaiagiza Didi ianzie mwisho wa diski irudi nyuma. Ni kama kuufuata mkwaruzo kutoka upande wa pili, anaeleza, mahali ambapo bado ni pazima. Asilimia zinaanza kusogea. Themanini. Themanini na nane. Alhamisi asubuhi, kwenye tisini na tatu, diski ya uzi mwekundu inagonga mfululizo kwa nusu dakika, kisha inatulia. Mkunga anaweka sikio. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika, halafu anachomoa waya na kuifungua uzi.

Kabla hajahesabu mafaili, anaketi na kuandika. Ni programu yake mwenyewe, mistari kumi na minne tu. Inakataa kumwita Didi mpaka namba ya kiwandani ya diski mgonjwa iandikwe yote kwa mkono, na inauliza kwa Kiswahili: aliyesoma ni nani? Ukijaza jina lako mwenyewe, inakataa. Wiki ijayo atauweka msimbo huo kwenye mtandao, auchukue anayetaka.

"Walioandika Didi hawanijui," anasema. "Na mimi nataka awepo mtu nisiyemjua ambaye hatamwaga mvua za watu."

"Na jina la wifi liwekwe," wifi anasema. "Bila mimi hiyo mistari ni mapambo."

Limewekwa. Mstari wa tatu.

Ijumaa Mwalimu anakuja akiwa amevaa shati jipya, kama anayekwenda kupokea majibu hospitalini na ameamua kuyapokea kwa heshima. Mkunga hamzungushi. Video 1,312 zimetoka nzima. Tisini na nne hazipo, wala hazitakuwepo. Anampa orodha iliyochapwa, kurasa mbili.

Mwalimu anafungua video moja, ya pili, ya kumi. Wazee mbele ya ukuta mweupe, mikono ikisema. Anazifunga. Anachukua orodha.

Sitini na tatu kati ya hizo zilitolewa na watu walio hai. Hizo atazirudia, itamla likizo nzima, lakini atazirudia. Thelathini na moja zilikuwa za mtu mmoja, fundi viatu kiziwi aliyekuwa na kibanda nyuma ya stendi. Alifariki mwaka juzi.

Mwalimu anaweka karatasi gotini na kuanza neno la kwanza la fundi viatu. Hasemi. Mikono yake ndiyo inayosema: *msumari*. Inashuka, inapumzika, inapanda tena: *ngozi*. *Kulegea*. *Mteja asiyerudi*, hilo moja ni ishara ya haraka inayomfanya atabasamu peke yake. Wifi amesogeza pazia na kusimama na kipande cha kitambaa begani. Mkunga ameinua simu anarekodi, bila kuambiwa. Visigino vya wakili vinapita juu, hakuna anayevitolea maoni.

Ishirini na nane. Mwalimu ameweka alama ya kalamu kando ya kila neno. Yamebaki matatu: *juzi*, *shemeji*, *gundi*.

"Juzi na shemeji nilikuwa nazichanganya hata yeye akiwa hai," anasema. "Alikuwa ananicheka. Lakini gundi... gundi alikuwa na yake mwenyewe. Si hii tunayofundisha shuleni. Ilianzia hapa, puani, kwa sababu ya ile harufu. Halafu mkono ulikuwa unafanya..."

Mkono haufanyi.

"Hakuacha mtu?" wifi anauliza kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Mjane wake yupo. Kiziwi pia. Amehamia kwa binti yake, ng'ambo ya reli."

"Kesho Jumamosi," anasema Mkunga. "Nafunga saa sita. Nitakuja na kompyuta ndogo na diski mbili. Moja utakaa nayo wewe, moja nitakaa nayo mimi. Nyumba mbili, Mwalimu, si folda mbili."

"Na kama hakumbuki?"

Mkunga anaandika maneno matatu kwenye karatasi ndogo, kwa mwandiko wa karani, na kuiweka chini ya kibodi isipeperushwe na feni.

"Miaka mingapi walikaa pamoja?"

"Thelathini na kitu."

"Thelathini na kitu, na mume anayenuka gundi," anasema. "Lazima alimgombeza kwa neno hilo. Mimi ndilo ninalotumainia."

Mwalimu anajaribu tena. Kidole kinagusa pua. Mkono wa pili uko tayari mbele ya kifua, vidole vimefunguka kidogo, haujui uelekee wapi.